Kitambaa Chekundu na Flashi ya Mwalimu

Polisi hawakufika. Hilo liwekwe sawa kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, maana limezunguka mtaa mzima mpaka limeota ndevu. Mtu aliyeonekana akishuka ngazi na kompyuta ya binti wa Mwalimu, imetiwa ndani ya mfuko mweusi, alikuwa mtu wa kampuni ya vifurushi. Alivaa sare ya kampuni ya vifurushi na alibeba daftari la kutia sahihi. Kama fundi cherehani wa ghorofa ya chini aliona pingu, basi alizishona mwenyewe.

Wala binti huyo hakuuza siri ya mtu. Wala hakufukuzwa kazi. Alikaa siku tisa bila kufanya kazi, hiyo ni kweli, na aliandikiwa barua ya onyo, hiyo nayo ni kweli. Barua yenyewe ipo, imetobolewa vizuri na kuwekwa kwenye jalada kabatini, kwa sababu familia hii haichani barua. Lakini katikati ya kweli hizo mbili watu wameshindilia maneno kama pamba kwenye mto, na sasa mto hauingii kwenye foronya.

Binti huyu mtaa unamwita Kufuli. Alipewa jina kwa dhihaka naye akalivaa kama kofia, limemkaa. Ana miaka thelathini na mbili, ni mrefu kama baba yake, na kama baba yake hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Baba alikuwa mpima ardhi. Alipofariki, chumba chake cha kazi alipewa binti, pamoja na meza ya mbao nzito ambayo mpaka leo ina matone ya wino na vishimo vya ncha ya bikari. Juu ya meza hiyo Kufuli aliweka kompyuta aliyopewa na mteja wake.

Mteja ni maabara kubwa iliyo mji mwingine, inayopokea damu na makohozi kutoka hospitali nyingi. Kufuli hajui kupima damu na hajawahi kusema anajua. Kazi yake ni kuutunza mfumo ambamo majibu huhifadhiwa: usijae, usikwame, jibu la mtu huyu lisiende kwa yule. Kila asubuhi saa mbili huketi, huandika nywila, husubiri tarakimu sita zije kwenye simu, huziandika, ndipo njia hufunguka. Njia hiyo wenyewe wanaiita VPN. Mama yake alipotaka kuelezwa, Kufuli alimwambia ni kama handaki linaloanzia kwenye meza ya baba na kutokea ndani ya maabara. Wapitao njiani hawaoni kinachopita humo.

"Basi uko salama," mama alisema.

"Niko salama mlango wa huku ukiwa umefungwa, Mama. Ukiwa wazi, handaki halimzuii mwizi. Linamfikisha."

Siku ya kupokea kompyuta alitia sahihi karatasi mbili za kanuni. Kompyuta ile isishikwe na mtu mwingine. Isiunganishwe kwenye intaneti ya mgahawani wala ya jirani. Kisichomekwe kitu kisichotoka kwao. Ukisimama, funga skrini, hata kama unakwenda kunywa maji. Na likitokea lolote, toa taarifa ndani ya saa moja. Alizisoma zote mbili mbele na nyuma, akazitia kwenye droo ya juu.

Ugomvi na fundi cherehani ulianzia kwenye karatasi hizo, ingawa fundi mwenyewe hajui. Siku moja alipanda ngazi akihema, tepu ya kupimia shingoni.

"Binti Mwalimu, nipe paswedi ya intaneti yenu. Nimtumie mtu picha ya gauni."

"Siwezi, dada. Laini hii ni ya kazi."

"Picha moja tu! Itamaliza intaneti?"

"Haitamaliza intaneti. Itamaliza mkataba wangu."

"Loo! Kwani humo ndani mmeficha benki?"

"Ingekuwa benki ningekufikiria. Pesa ikiibwa hutafutwa nyingine."

Fundi alishuka akicheka, lakini kwa kicheko cha meno. Tangu siku hiyo jina la binti likawa Kufuli.

Hata ndugu walimwona mkaidi. Kuna siku waya wa intaneti ulikatwa na wachimba mitaro, na mjomba wake, mdogo wa mama yake, ambaye ni dereva wa lori na mtu wa utani, akajitolea kumpeleka kwenye mgahawa wenye intaneti ya bure. Alikwisha washa gari. Kufuli alimpigia mteja, akasema leo njia haipo, sitafika, akaambiwa sawa, akaenda kupanga upya kabati la vyombo. Mjomba alizima gari akitikisa kichwa. "Mtoto huyu akifika mbinguni ataomba kitambulisho cha malaika."

Sasa kuhusu kitambaa, kwa maana ndicho kiini cha yote.

Mama yake Kufuli alifundisha miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Macho ya mwalimu yakiona maandishi huyasoma. Hayana adabu nyingine. Siku za mwanzo aliingia na kikombe cha chai, akasimama nyuma ya kiti, na kabla hajajua amekwisha soma jina la mtu na ugonjwa wake. Kufuli aligeuza skrini. Mama aliona aibu, na kwa kuwa hakuzoea aibu, alitunga sheria. Alichukua kitambaa chake chekundu cha kichwani, akakifunga kwenye kitasa cha mlango.

"Ukiwa kazini, kitambaa kiwepo. Kitambaa kikiwepo, hata mimi sipo."

Kwa miaka mitatu sheria hiyo haikuvunjwa hata siku moja. Wageni waliambiwa. Mjomba aliambiwa, akawa kila akipita mlangoni anakipigia kitambaa saluti. Mama alikuwa na haki ya kujivunia.

Ila heshima ile ya nyumbani ilikuwa nzuri mno. Kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuingia, Kufuli alianza kusimama bila kufunga skrini. Kwanza ilikuwa kwenda kuchukua maji. Kisha kupokea mzigo mlangoni. Kisha kula. Karatasi ya droo ya juu ilisema funga skrini. Kitambaa kilisema hakuna haja. Taratibu, bila mtu kuamua, kitambaa kikawa juu ya karatasi. Hili yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika baadaye, kwa maneno yake, na halifichwi hapa ili kumsitiri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mama aliamka na wazimu wa kufua, akafua mapazia, vitambaa vya viti, na kile kitambaa chekundu, ambacho kilikuwa na doa la chai. Akakianika barazani. Kufuli alipofika mlangoni mkono wake ulikitafuta kwa mazoea, ukagusa chuma kitupu. Akajisemea atakichukua baada ya kuingia kazini. Mara maabara wakapiga simu, majibu ya hospitali moja yamekwama, na kitambaa kikasahauliwa.

Saa nne ilipofika msoma mita za maji alibisha. Ufunguo wa kizimba cha mita alikuwa nao Kufuli. Akachukua ufunguo, akashuka, akaacha mlango nusu wazi na skrini ikiwaka.

Mama naye alikuwa na shughuli yake. Alikuwa akiandika kitabu kidogo cha maisha ya mumewe, kutoka kwenye madaftari ambayo marehemu alikwenda nayo safari za upimaji. Sura nne alikwisha zichapa kwenye steshenari ya barabarani, na zilikuwa ndani ya flashi iliyofungwa uzi wa bluu. Asubuhi ile alitaka kuziona kwenye skrini kubwa kabla hazijapelekwa kuchapishwa, maana kwenye steshenari mistari ya majedwali ilimchezea. Akapita ukumbini, akatazama kitasa. Kitambaa hakuna. Akasukuma mlango. Kiti kitupu.

Sheria ya kitambaa aliijua vizuri, aliitunga yeye. Zile karatasi mbili za droo ya juu hakuwa amezisoma hata mara moja.

Akachomeka flashi.

Skrini ikawa ya kijivu. Maneno machache yakatokea katikati: kifaa hakitambuliki, muunganisho umekatwa, piga namba hii. Mama akaichomoa flashi, akaitia mfukoni. Miaka yote ile alikuwa akiwakamata wanafunzi wakiwa wamesimama namna ileile, mkono mmoja mfukoni na macho ukutani.

Kufuli alirudi, akaona skrini, akamwona mama.

"Mama. Umegusa?"

"Kitambaa hakikuwepo."

"Umegusa, Mama?"

"Nimechomeka flashi." Akaitoa, akaiweka juu ya meza ya marehemu. "Nilidhani hujaingia kazini."

Kufuli alikaa. Hakupiga kelele. Alitazama mlango, akatazama barazani, akakiona kitambaa chekundu kikipepea kwenye kamba kati ya mapazia.

Mjomba, aliyekuwa sebuleni akinywa chai, alitokea na kikombe mkononi. Alipoelezwa alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Hilo tu? Sema umeme ulikatika. Umeme haujawahi kukana."

"Mjomba, kompyuta ina betri."

"Basi sema ilianguka. Mimi lori likikwaruzwa nasema nimelikuta hivyohivyo. Nani alikuwepo?"

"Ndiyo maana ulihamishwa njia mara tatu," mama alisema bila kumtazama.

"Dada, nami nasaidia!"

"Saidia kwa kunyamaza."

Kufuli alikwisha fungua droo ya juu na kutoa karatasi. Akapiga namba, akaweka simu mezani, sauti ikiwa imefunguliwa. Aliyepokea alikuwa mwanamume mtu mzima, mlinzi wa mtandao wa maabara, asiye na haraka, ambaye Kufuli humwita Fundi.

"Mlango wako tuliufunga saa nne na dakika saba, Fundi. Nilikuwa nasubiri simu yako. Kuna nini?"

"Kuna flashi imechomekwa kwenye kompyuta. Si yenu."

"Ya nani?"

Hapo ndipo Kufuli alipokwama. Angekubali kupoteza kazi. Lakini mama yake alikuwa amesimama mbele yake, mwanamke ambaye hajapata kuitwa na mkubwa yeyote kujieleza, na kanuni ya kwanza kabisa ya karatasi ilikuwa kwamba kompyuta isishikwe na mtu mwingine. Jina lingeandikwa. Lingekaa kwenye jalada la watu wasiomjua. Kufuli akavuta pumzi.

"Ni flashi ya—"

Alitaka kusema *yangu*. Mama aliliona neno likija, kama alivyokuwa akiyaona majibu ya kunakili tangu yakiwa kalamuni.

"Usinisitiri kwa uongo," alisema, kwa sauti ya darasani. "Baba yako hakuwahi kusogeza jiwe la mpaka hata kwa kaka yake. Sema."

Kisha mlinzi akauliza, "Huyo ni nani?"

"Ni mama yangu. Flashi ni yake. Aliingia nikiwa nje, na aliingia kwa sababu mimi sikufunga skrini. Si leo tu. Nimekuwa sifungi kwa muda mrefu." Akamweleza habari ya kitambaa, yote, hata kile kilichokuwa barazani wakati ule.

Mlinzi alimwacha amalize. Mjomba alikuwa amekishikilia kikombe kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Kitambaa," mlinzi alisema mwishowe. "Nimesikia mengi, hicho bado. Fundi, tunakusimamisha mpaka ukaguzi uishe. Zima kompyuta, usiiwashe tena. Atakuja mtu kuichukua leo. Andika maelezo. Na mama aandike yake. Ile flashi isitupwe, isichomekwe popote. Ije pamoja na kompyuta."

"Flashi yangu haitoki humu ndani," mama alisema.

Kufuli aligeuka. Hakutegemea. Ndani ya flashi ile kulikuwa na madaftari ya baba, si habari za mawe na nyuzi za dira tu. Mtu akiwa porini miezi miwili huandika mambo ambayo hamwambii mtu. Mama alikuwa ameyachapa yote, hata yale ambayo hakukusudia kuyaweka kitabuni, ili asiyapoteze. Mumewe hakuwaandikia wageni.

"Mama," mlinzi alisema, sasa kwa upole, "hatusomi mafaili ya mtu. Tunatafuta kilichojificha nyuma yake. Flashi ya nje ni kuku mgeni, haikosi kamba mguuni."

"Na nitajuaje kuwa hamjasoma?"

"Hutajua. Utatuamini tu."

Macho ya Kufuli yaliishia kwenye ile skrini ya kijivu ambayo kwa miaka mitatu ilipitisha majina ya watu elfu na elfu, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuwa mahali fulani, kwenye meza ya mpima ardhi, kuna mwanamke anayeweza kuyasoma. Wao pia waliamini tu. Mama alifuata macho ya binti yake, na hakuhitaji kuelezwa. Hilo ndilo alilosomea.

"Nipe bahasha," alisema.

Alikaa mezani akaandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, bila kufuta neno. Aliandika kwamba aliingia bila kualikwa, kwamba flashi ilitoka steshenari ambako mashine hupitia mikono ya kila mtu kama kijiko cha mgahawa, kwamba binti yake alikuwa na karatasi za kanuni na yeye, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kuomba kuzisoma. Mjomba alichungulia.

"Dada, umejipiga fimbo nyingi."

"Nimejihesabia zangu. Yeye ana zake."

Alasiri mtu wa vifurushi akaja, akatia kompyuta na bahasha yenye flashi na maelezo kwenye mfuko mweusi, mama akasaini daftari. Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake, sindano mdomoni. Jua halijatua, pingu zilikwisha shonwa.

Siku tisa si chache mtaani. Kufuli hakujificha. Alikwenda sokoni saa zilezile, akawasalimia walewale. Alipoulizwa, "Siku hizi uko huru?" alijibu, "Nasubiri ukaguzi," akaendelea kuchagua nyanya. Mjomba alishauri waseme ni likizo. Mama alisema neno ukaguzi lina herufi za kutosha, halihitaji kubadilishwa. Kijana wa steshenari alipelekewa habari pia, na Mwalimu mwenyewe, ambaye alisimama mbele ya mashine za kijana huyo mpaka zote zikasafishwa.

Siku ya kumi mfuko mweusi ulirudi. Kompyuta ilikuwa imefutwa na kujazwa upya. Barua ilikuwa na sehemu tatu. Kwamba ndani ya flashi kulikuwa na kirusi kilichojibandika kwenye mafaili, kikazuiwa mlangoni, wala hakikuingia kwenye mtandao wa maabara. Kwamba Kufuli anapewa onyo la maandishi kwa kuacha skrini wazi, na likirudiwa mkataba unakwisha. Kwamba kwa kuwa alitoa taarifa dakika kumi na nne baada ya tukio, bila kupunguza jambo, anarudi kazini kesho yake saa mbili. Chini, kwa kalamu, mlinzi aliongeza mstari: kuanzia mwezi ujao wote wanaofanya kazi kutoka nyumbani watatakiwa kuwasomea kanuni watu wanaoishi nao.

Flashi ilikuwa kwenye bahasha yake ndogo, imefungwa kwa utepe wa maabara. Juu yake: kirusi kimeondolewa, mafaili ya mwenyewe hayakufunguliwa. Mama aliusoma mstari huo akiwa amesimama. Kisha akaketi, akavua miwani, akaifuta kwa muda ambao miwani haihitaji.

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, Kufuli alitoa karatasi mbili kwenye droo, na Mwalimu akazisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, huku mjomba akiitikia "ndiyo bibi" kama mtoto wa darasa la kwanza. Kitambaa chekundu kilirudi kichwani kwa mwenyewe, ambako kinapendeza zaidi. Kitasa ni kitupu. Kufuli sasa akisimama, hata kama ni kuvuta pazia, kidole chake kinafunga skrini kabla goti halijanyooka. Anafanya kazi kwa maabara ileile mpaka leo, na watu wake wawili wapya yeye ndiye anayewafundisha njia inavyofunguliwa na inavyofungwa.

Limebaki jambo moja. Wiki iliyofuata fundi cherehani alileta mapazia aliyoyapunguza, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwalimu, nasikia kumbe ilikuwa flashi. Ilikuwa na nini jamani, mpaka ikasafiri?"

"Sketi yangu ya kijivu ulinishonea lini?"

"Mwaka jana. Kwa nini?"

"Kiuno changu ulikiandika?"

"Nilikiandika, kipo kwenye daftari langu."

"Umemwambia nani?"

Fundi alijishika kifua. "Haki ya Mungu, Mwalimu! Kiuno cha mtu hakitoki kwenye daftari langu. Ningekuwa nasema viuno vya watu, nani angeniletea nguo?"

"Basi unaelewa kazi ya binti yangu kuliko ulivyodhani."

Fundi alicheka, safari hii kwa tumbo. Akanyanyuka, akafika mlangoni, akageuka. Mtu hawi fundi wa mtaa bure.

"Na flashi je? Neno moja tu, Mwalimu. Marehemu aliandika nini?"

"Sisemi," alijibu Mwalimu, akamfungulia mlango.